Fundi wa Peckham na Mji Uliomwita Charlie

Fundi hakukutazama usoni kwanza. Ukiingia dukani kwake alianza na mabega, akashuka kwenye mikono ya shati, akafika kwenye pindo la suruali, kisha ndipo akakuinulia macho na kuitikia salamu. "Bega lako la kushoto limeshuka," aliwahi kumwambia mchungaji mmoja wa Kinaijeria aliyekuja kupunguziwa joho. "Unabeba kitu kizito mkono huo." Mchungaji akacheka, akasema ni Biblia. Fundi hakucheka. "Basi badilisha mkono."

Duka lenyewe lilikuwa Peckham, upenyo tu kati ya saluni ya nywele na duka la mihogo, ndizi za kupika na samaki wakavu. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kupigia pasi, pazia la kubadilishia nguo na benchi moja la wageni. Benchi hilo ndilo lililokuwa baraza ya watu wa Unguja na Pemba wa upande ule, kila Jumamosi baada ya Alasiri. Sikuujua ujana wake na sitajifanya naujua. Nilimjua tangu nilipoletwa London nina miaka tisa, mama aliponipeleka kwake kupunguza sketi ya skuli, mpaka leo nina binti aliyenipita urefu. Jina lake sitaliandika, kwa sababu hajanipa ruhusa. Sote tulimwita Fundi, na ukituuliza jina lake hasa, wengi wetu tungebaki tunatazamana.

Nguo zote za mtaa zilipita mikononi mwake: majoho ya kwaya, sare za wauguzi, magauni ya harusi, kanzu za Idi. Alikuwa na msemo wake, kwamba pindo ni adabu, na aliusema hata kwa mtu aliyeleta suruali ya kufanyia kazi za rangi. Siku moja kabla ya harusi yangu alilifumua gauni langu mkono mzima, kwa sababu mshono ulikuwa umekwenda upande kwa upana wa uzi. Mama alimlilia.

"Fundi, nani atakayeuona?"

Akazitoa pini mdomoni moja moja. "Mimi nshauona," akasema. "Na mwenye haraka avae kanga."

Gauni nililipata saa moja kabla ya shehe kufika. Halikuwa na kosa lolote.

Kiingereza kilikuwa marufuku dukani kwa watoto wa Waswahili. Ukijisahau ukasema neno, ulipewa sumaku ukaokote pini sakafuni mpaka ulimi urudi. Mimi nimeokota pini nyingi. Binti yangu, aliyezaliwa hapa, ameokota zaidi, maana yeye husikia kila kitu na hujibu kwa Kiingereza tu. Lakini mtu huyohuyo aliyetukataza hakuweza kuvumilia Kiingereza kibovu. Alimsahihisha hata mkaguzi wa halmashauri ya mtaa, Mzungu, kwa neno alilolikosea kwenye fomu. Alifunga tai kila siku ya Mungu. Saa kumi alikunywa chai ya maziwa kwa kikombe chenye kisahani chake. Na akipiga pasi suruali alikuwa akivumisha tenzi za kanisani, puani, taratibu, beti baada ya beti, mtu aliyekuwa hakosi swala hata moja.

"Fundi," walimtania wazee wa benchi, "Alasiri imeingia nawe unaimba ya Wakristo?"

"Sauti haina dini," akajibu, akaenda zake kutawadha.

Tenzi hizo alizitoa Kule. Hivyo ndivyo alivyouita mji ule, Kule tu, kama vile dunia nzima ina kule kumoja. Ni mji mdogo wa zamani, mwendo wa chini ya saa moja kwa treni kutoka London Bridge. Ndiko alikofikia kijana, miaka michache baada ya mapinduzi, akapata kazi kwa mshoni wa sare za skuli moja ya bweni. Alilala darini juu ya duka, na kanisa lilikuwa ng'ambo ya ukuta, na kwaya ilipofanya mazoezi yeye alikuwa amejilaza juu ya godoro akisikiliza. Alitusimulia nyumba zake za boriti nyeusi zilizoinamia njia kama watu wanaosikiliza umbea. Alitusimulia ngome isiyo na paa, na mto, na daraja, na bata wakubwa weupe ambao ati hakuna aliyethubutu kuwatupia jiwe. Ving'ora vya polisi vikipita nje, Fundi alitikisa kichwa. "Kule hata honi haipigwi." Mtu akimsukuma kwenye basi: "Kule, ukimkanyaga mtu, yeye ndiye anayekuomba radhi."

Tulichoka na Kule. Na kwa sifa zote hizo, hakuwahi kurudi huko hata siku moja, wala kumpeleka mtu. Ukimuuliza kwa nini, alisema, "Mtu harejei tumboni."

Jambo jingine lazima nilieleze, ingawa si zuri. Kwenye benchi mazungumzo ya makaratasi hayakukosa. Kila Jumamosi palikuwa na mtu aliyetoka Croydon, kwenye ofisi za uhamiaji, kushughulikia kibali chake, au anayekwenda wiki ijayo, au anayeogopa kwenda. Watu wazima walikaa pale na barua mkononi, wakiuliza neno hili lina maana gani. Fundi aliwasikiliza na pini zake mdomoni, kisha akasema, "Mimi niliingia nchi hii kwa mlango wa mbele. Pasipoti yangu ina miaka mingi kuliko nyinyi." Akarudi kwenye cherehani. Nilimwona mama mmoja akiikunja barua yake na kuondoka bila kuaga. Nilimpenda Fundi kama baba mdogo, lakini siku kama hizo nilimwonea uchungu na hasira pamoja.

Hakuwa na mtoto. Mkewe alifariki zamani, kabla mimi sijafika London. Kwao alibakiwa na dada mmoja, mkubwa wake, Wete, Pemba. Kila Jumapili asubuhi alimpigia simu akiwa dukani, sauti wazi, mlango wa chuma umeshushwa nusu. Nikipita kumletea mkate wa kumimina nilimsikia yule bibi:

"Unakuja lini, baba?"

"Mfungo ukisha, dada."

Mfungo uliisha ukaja mwengine. Nilimsikia akisema hivyo nikiwa msichana mdogo, na nikamsikia akisema hivyo nikiwa na mtoto mgongoni. Watu wa benchi walikuwa na maelezo yao. Mmoja alisema ni ubahili, mwengine akasema keshakuwa Mzungu, kaisahau kwao. Mimi nilidhani ni uvivu wa safari tu.

Kisha yakaja majira ya baridi ya mwaka juzi. Alinipigia simu kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mimi ni mkalimani wa hospitali. Kazi yangu ni kumwambia mgonjwa kile daktari alichokisema.

"Ukitoka pita dukani," akasema. "Peke yako."

Nilimkuta amefunga. Juu ya meza ya pasi palikuwa na barua ya serikali. Alikuwa ameipiga pasi. Mikunjo yote ilikuwa imeondoka, karatasi imelala kama kitambaa.

"Nisomee," akasema, naye Kiingereza akijua kuliko mimi. "Labda mimi nimeisoma vibaya."

Hakuwa ameisoma vibaya. Alikuwa ameomba pasipoti, na barua ikamjibu kwamba kwanza aoneshe ana haki ya kukaa nchini. Haki hiyo ilitegemea kuwa alikuwa akiishi hapa kabla ya mwaka fulani. Kumbukumbu za kodi za miaka ya baadaye zilikuwepo. Za miaka ile ya kwanza, ya Kule, hazikuonekana. Aliombwa alete ushahidi.

"Fundi," nikamwambia, "na ile pasipoti yako?"

"Ipi?"

"Hiyo yenye miaka mingi kuliko sisi."

Akakaa kwenye benchi la wageni. Sikuwahi kumwona akikaa pale.

"Ilioza, mwanangu. Nilipohamia huku mtaani nilipanga chumba, maji yakavuja darini yakaingia kwenye sanduku. Nilikuwa kijana. Nikaona haya kwenda kuuliza. Mwaka ukapita, nikaona haya zaidi. Kisha siku moja mtu akaniuliza, nikasema ninayo."

"Miaka yote hiyo?"

"Uongo ukishauzoea unakukaa mwilini. Unasahau kuwa umeuvaa."

Ndipo nilipofahamu kwa nini hakuwahi kupanda ndege. Akachukua simu yake, akanisikilizisha ujumbe wa sauti. Alikuwa dadake. Figo zake zilikuwa zimeshindwa, ndiyo maana Fundi akaomba pasipoti, na sauti ilikuja kwa mapumziko. "Kama una kinyongo na mimi, niambie nikuombe radhi kabla sijafa. Mama kafa anakuuliza. Mimi nisije n'kafa nakuuliza."

"Ameleta Ijumaa," Fundi akasema. "Leo Jumatano. N'mjibu nini?"

Nilimwambia haina neno. Nilimwambia ni karatasi tu, na karatasi zinapatikana. Nilisema kwa sauti ileile ninayoitumia hospitalini, na mpaka leo nikiikumbuka najichukia.

Wakili wa msaada wa bure alituambia jambo moja la maana: mtu mmoja tu wa Kule anayemkumbuka, au karatasi moja tu ya Kule yenye jina lake, ingefungua njia. Basi Jumanne moja ya mwezi wa tatu tukaenda.

Fundi alinisubiri stesheni ya Peckham Rye amevaa bleza ya buluu aliyoishona mwenyewe, tai, viatu vinang'aa. Tulipofika London Bridge kubadilisha treni, watu walikuwa wakimiminika kutoka kwenye majukwaa, mamia, mikoba begani, vikombe vya kahawa mkononi, wote wanakuja upande wetu. Fundi akasimama katikati yao.

"Hawa wanatoka wapi?"

"Huko huko tunakokwenda. Wanalala kule, wanafanya kazi huku."

"Zamani hawakuwa wakitoka," akasema, kama aliyeibiwa kitu.

Treni yetu ilikuwa tupu. Njia nzima alizungumza: duka lina kengele mlangoni, bwana mwenye duka ana sharubu, kona ya pili kuna muuza nyama. Tuliposhuka, alitangulia mbele yangu. Kila kitu kilikuwepo. Boriti nyeusi zilikuwepo, ngome ilikuwepo, mto na bata weupe wawili walikuwepo, na ukimya ulikuwepo, ukimya mkubwa kiasi kwamba nilisikia viatu vyetu. Ulikuwa mji mzuri. Hakutudanganya hata neno.

Duka lilikuwa mkahawa. Fundi akaingia, akavua kofia, akamuuliza binti wa kaunta kama anajua habari za washoni waliokuwa hapa. Binti akatabasamu kwa upole, akasema yeye ana miezi miwili tu, kisha akauliza anataka kahawa yake kwa maziwa gani. Tukaenda kwenye geti la skuli. Bwana mmoja mwema akatuambia washoni hawakuwa waajiriwa wao, kwa hiyo hawana kumbukumbu zao. Tukaenda maktaba. Mkutubi akatutolea orodha za wapiga kura wa miaka ile. Mwenye duka alikuwemo, mkewe alikuwemo. Kijana aliyelala darini hakuwemo. Fundi alipitisha kidole juu ya ukurasa ule mara tatu, juu hadi chini, kama anayetafuta uzi uliokatika.

Tulipotoka nje, alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Akamfuata mzee mmoja aliyekuwa akitembea na mbwa.

"Samahani, bwana. Unanikumbuka? Nilikuwa mshoni hapa."

Mzee akatikisa kichwa, akavuka barabara. Fundi akamwendea mama mmoja, kisha mwengine. Yule wa pili alikumbatia mkoba wake kifuani. Nikamshika Fundi mkono.

"Fundi, twende. Tafadhali. Unawatisha."

"Niache!" Sauti yake ilijaa njia nzima. "Lazima yupo! Watoto wa mji mzima niliwavisha mimi! Miaka yote ile hakuna hata mtu mmoja aliyeniona?"

Madirisha hayakufunguka. Nilimvuta kanisani, si kwa ibada, ila kwa kuwa mlango ulikuwa wazi na nilitaka akae. Ndani palikuwa na mama akipanga maua kwenye mitungi. Nikamweleza shida yetu. Akafikiri, akasema binti wa yule mshoni bado yu hai, anakaa kwenye vijumba vya wazee nyuma ya kanisa, nyumba ya mwisho.

Mlango ulifunguliwa na bibi mfupi mwenye nywele nyeupe, sweta limefungwa vifungo kombo. Alinitazama mimi, hakuniona. Akamtazama Fundi kwa muda mrefu.

"Charlie?" akasema.

Nilidhani amemfananisha. Nikageuka kumwomba radhi Fundi, nikamkuta machozi yamemjaa.

"Ndiyo, Misi," akajibu kwa Kiingereza. "Ni mimi."

Tulikaa kwenye sebule iliyotosha viti vitatu. Bibi akatueleza kwamba baba yake alishindwa kulitamka jina la kijana yule, basi asubuhi ya kwanza akasema, wewe tutakuita Charlie, na ikawa hivyo mpaka alipoondoka. Fundi akaniegemea akaniambia kwa Kiswahili, "Kwa ulimi wetu ni chali. Siku ile nilicheka peke yangu darini: wameniita aliyelala kwa mgongo." Sasa hakucheka. Bibi alikumbuka kila kitu. Alikumbuka kwamba Charlie hakula nyama yao, kwamba alimshonea mwanasesere wake koti, kwamba siku ya theluji ya kwanza alitoka nje bila viatu. Akaleta albamu. Palikuwa na picha ya washoni sita ukingoni mwa mto, na wa tatu alikuwa Fundi, mwembamba, masikio yamesimama. Nyuma ya picha baba yake alikuwa ameandika mwaka na majina. Mwaka ulikuwa ndani ya ile miaka tuliyoihitaji. Na jina la tatu lilikuwa Charlie.

"Mama," nikamwambia, "unaweza kutuandikia kiapo kwamba huyu Charlie ndiye..." Nikalitaja jina lake kamili. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka mbele yake, na nilihisi nimemvunjia heshima.

Bibi, aliyekwishachukua kalamu, akaiweka chini. "Sema tena, mpenzi."

Fundi akamtajia herufi moja moja. Bibi akaziandika kwenye ukingo wa gazeti, akajaribu kulisoma. Katikati ya jina lile mna ghaini, ile gh ya kooni. Alipofika hapo alikwama, akarudi mwanzo, akakwama tena. Uso ukamwiva.

"Nitaandika kila ninachokijua juu ya Charlie," akasema. "Lakini kuweka kiapo juu ya jina nisiloweza hata kulisema, siwezi. Nitakuwa ninaapa juu ya mtu nisiyemjua."

"Lakini ndiye huyu! Amekaa mbele yako!"

"Najua ndiye. Ni Charlie."

Nilikuwa nimesimama; sikumbuki nilisimama lini. Fundi akanivuta chini kwa ncha ya koti. "Usimlazimishe mtu kiapo," akasema kwa Kiswahili. "Mimi nimeishi na uongo, najua uzito wake. Mwache aandike anachokijua."

Akaandika kurasa mbili nzuri za Charlie. Tukazituma pamoja na picha. Majibu yalipokuja, kiangazi kilikuwa kimekwisha: barua na picha vinamhusu mtu aitwaye Charlie, na hakuna kinachoonesha kuwa Charlie na mwombaji ni mtu mmoja. Tuliombwa tulete ushahidi zaidi. Barua hiyo Fundi hakuipiga pasi.

Dadake alikufa mwezi uleule. Mpwa wake alipiga simu kutoka makaburini, akaiweka wazi, na Fundi alisikiliza maziko yote akiwa amesimama dukani, mgongo kwenye pazia, mimi mlangoni nikizuia wateja. Tulisikia majembe. Tulisikia talakini ikisomwa juu ya kaburi. Kisha simu ikakatika yenyewe.

Khitma tuliisomea kwangu, wanaume sebuleni, wanawake chumbani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya visheti wakati mzee mmoja wa benchi, aliyekaa mbali na mkewe miaka sita akisubiri kibali, alipofunga msahafu wake akasema:

"Niseme jambo, Fundi, utanisamehe. Sisi tunalia hatuna pasipoti ya kwenda kuwazika wazee wetu. Wewe unayo. Dada'ko kaugua mwaka mzima. Mbona hukwenda?"

Nilifungua mdomo. Fundi akaniona, akatikisa kichwa kidogo sana.

"Nilichelewa," akasema.

Yule mzee akasonya, akainua macho ukutani. Walipokuwa wakitoka, wawili hawakumpa Fundi mkono. Alibaki kwenye kiti chake akizungusha tasbihi, na nilipokwenda kumwambia kwamba naweza kuwaeleza ukweli, nitawaeleza mimi, yeye asiwepo hata, alisema, "Bora wanione bahili. Niliwacheka, mwanangu. Niliwacheka miaka mingi wakiwa na barua zao mkononi."

Baada ya hapo nilimkosa. Simu ilikuwa haipokewi. Wasichana wa saluni waliniambia duka hufunguliwa siku mbili tatu tu kwa wiki, na kwamba kila Jumanne asubuhi humwona akitoka na bleza yake, akarudi jioni hasemi na mtu. Nilijua Jumanne za wapi. Niliingiwa na hofu niliyoshindwa hata kumwambia mume wangu, nikimwona Fundi kichwani mwangu, peke yake, kwenye lile daraja.

Mwezi wa kumi na moja nikaomba ruhusa kazini, nikapanda treni. Watu wa Kule walimiminika tena kuja London, nami nikawapita.

Kwenye daraja hakuwepo. Nilimkuta kwenye benchi nje ya kanisa, na pembeni yake yule bibi, amevaa koti zito, karatasi juu ya magoti.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Bibi akanitazama kwa ukarimu. "Wewe ni wa kanisani, mpenzi?" akaniuliza. Alikuwa amenisahau kabisa.

Fundi alinieleza kwa Kiswahili, taratibu. Bibi alikuwa amemwandikia barua. Alisema tangu siku ile hakulala vizuri. Kwamba mtu aliishi juu ya dari yao na wao hawakuwahi kujua anaitwa nani. Akamwomba awe anakuja amfundishe jina lake, likishakaa ulimini atakwenda kwa wakili wa viapo, ofisi iko karibu na mto, ataapa. Jumanne hiyo ilikuwa ya tisa.

"Na bado?"

"Kila wiki anaanza upya. Jumanne iliyopita alikaribia sana. Leo asubuhi kaniuliza kwa nini tunajifunza." Akaufuta mdomo kwa leso. "Wakili wetu anasema tuharakishe. Akizidi kusahau, hata hicho kiapo kitatiliwa shaka."

"Fundi," nikasema, na nikajuta kabla sijamaliza, "dada keshakufa. Pasipoti ya nini sasa?"

Hakukasirika. "Nimzuru kaburini. Nimwambie sikuwa na kinyongo."

Nilitazama mikono yake juu ya magoti. Ilikuwa imekonda. Ukosi wa shati lake ulikuwa umechakaa mpaka uzi unaonekana, naye hakuugeuza wala kuushona. Aliniona nikitazama, akauficha kwa tai.

Bibi alikuwa akisogeza midomo peke yake. Akameza mate, akashika kingo za karatasi kwa mikono miwili, akalisema. Alilisema lote, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti. Ghaini ilikuwa g kavu, irabu ya mwisho aliimeza, na katikati palikuwa na sauti isiyo ya lugha yoyote ninayoijua. Akamgeukia Fundi, macho yamemtoka kama ya mtoto mbele ya mwalimu.

"Nimepata?"

Nilimjua mtu yule zaidi ya miaka thelathini. Nilisubiri amsahihishe.

Fundi akavua kofia. "Umepata, Misi," akasema. "Hilo ndilo."

"Basi twende," bibi akasema, akainuka kwa nguvu iliyonishtua. "Twende sasa hivi, kabla halijanitoka."

Fundi akampa mkono mmoja, mimi nikamshika mwengine. Tuliteremka njia ile yenye nyumba za boriti nyeusi kuelekea mtoni, haraka kadiri miguu yake ilivyoweza. Hakuna aliyetoka kututazama. Na njia nzima bibi alikuwa akilirudia jina lile kwa sauti, vibaya, tena na tena, na sisi wawili hatukumsahihisha.